Kutoka Sabaki hadi Manda Maweni: siku nane za kufuata maji ya munyu

Safari hii ilifanyika wiki ya kwanza ya Februari, kaskazi bado inavuma na visima vikiwa karibu na sakafu. Njia: Malindi, mto Sabaki, Gongoni, Marereni, kisha basi hadi Mokowe, Amu (yaani mji wa Lamu), Manda Maweni na bara upande wa mji wa Hindi. Haya yameandikwa baada ya kurudi, kwa msaada wa daftari mbili, picha za simu na risiti zilizonusurika jasho. Lililokuwa likitafutwa ni jambo moja: nani anakunywa maji gani, anayanunua kwa bei gani, na yaliharibiwa na nani.

Mzigo: kipimo cha chumvi cha mkononi (kile kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme), pakiti nne za maji ya kukisawazishia, chupa 20 za kupima uchafu wa kinyesi, kamba ya mita 25 yenye fundo kila mita, chupa iliyofungwa jiwe chini, na mtungi wa maji ya mvua ya kusuuzia. Vipimo vya visima vya watu havimo humu. Kisima ni mali, na tarakimu ikishatangazwa jirani huacha kununua. Kila mwenye kisima aliachiwa yake kwenye karatasi.

Siku ya 1, Jumatatu. Malindi hadi daraja la Sabaki

Mahamri manne, mbaazi za nazi na chai: shilingi 120. Tuktuk hadi darajani 400. Dereva alikubali kusubiri bila kuongeza bei alipoambiwa safari ni ya maji, maana kwao ni ng'ambo ya mto.

Maji yanayopita chini ya daraja hili yameanza yakiitwa Athi. Yamepokea mto Nairobi, na ndani yake yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka ya Ruai pamoja na yale ambayo hayakufika bwawa lolote. Yamezoa udongo wa mashamba ya Ukambani, yamepita Tsavo yakiitwa Galana, na hapa, karibu kabisa na bahari, yanaitwa Sabaki na yanachotwa kwa ndoo. Aliyevuta choo Nairobi hajui kama maji yake yana jina hili la mwisho.

Mji wa Malindi nao hunywa mto huu, ila kwa njia nyingine. Kule Baricho visima vimechimbwa kwenye mchanga wa ukingo. Mchanga unachuja, klorini inatiwa, bomba linaondoka. Asiye na bomba huchota mto wenyewe, au hufanya Baricho yake kwa mkono. Mama mmoja alikuwa amechimba shimo hatua tatu kutoka ukingoni, kina cha mkono hadi begani. Maji ya kwanza aliyamwaga, ya pili akayamwaga, ya tatu akayamwaga, ndipo akaanza kujaza mtungi, kata moja baada ya nyingine. Mtungi wa lita 20 ulichukua dakika 25. Ni kanuni ileile ya Baricho, pasipo klorini na pasipo mshahara.

Kwa atakayelazimika kutumia maji ya mto: tope kwanza, dawa baadaye. Klorini ikikuta maji mazito huliwa na tope na vijidudu hubaki. Zungusha kipande cha shabu ndani ya ndoo mpaka tope lianze kushikana mabonge, uache yatulie, umimine ya juu kupitia kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Kisha tia dawa kwa kipimo cha kwenye chupa, ungoje nusu saa. Kama huna dawa na unahofia kichocho, maji yaliyowekwa kwenye chombo kilichofunikwa kwa siku mbili hayana tena viluwiluwi vyake vilivyo hai. Hilo linasaidia kichocho tu, kuhara halikuzuii.

Siku ya 2. Gongoni na Marereni

Matatu kutoka Malindi hadi Marereni 250, abiria kumi na wanne na mbuzi mmoja aliyelipiwa nusu. Baada ya Gongoni, kulia mwa barabara kunaanza kung'aa. Mgeni hudhani ni bahari. Ni mabwawa ya chumvi.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Maji ya bahari huingizwa wakati wa bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), kwa pampu au kwa lango, yakiwa na takriban digrii 3.5 kwenye kile kipimo cha kuelea cha Baumé, kinachopima uzito wa maji ya chumvi. Hupitishwa bwawa hadi bwawa, jua na upepo vikiyala. Kati ya digrii 13 na 16 huanza kutua jasi, ile tabaka ngumu inayokata nyayo. Yakifika kama 25.5, chumvi huanza kujiunda. Kabla hayajafika 30 mabaki humwagwa, kwa sababu magnesiamu iliyobaki huifanya chumvi iwe chungu na yenye unyevu. Bwawa la mwisho lina maji yenye chumvi mara saba au zaidi kuliko bahari, na mengi ya mabwawa hayo yana sakafu ya udongo mtupu. Penye mfinyanzi mzito hayavuji sana. Penye mchanga, huenda chini na pembeni, na pembeni ndiko waliko watu.

Haya si mageni. Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisikiliza wakazi wa Magarini hadharani na kutoa ripoti mwaka 2006: watu kuhamishwa kwenye ardhi waliyozaliwa, mikoko kukatwa, visima kugeuka munyu, vibarua kufanya kazi bila vifaa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ana umri wa kuwa kibarua mle mle.

Mzee mmoja alikubali miguu yake ipigwe picha, uso hapana. Kisigino kilikuwa na nyufa tatu, mojawapo inapitisha sarafu. Juu yake alikuwa amefunga mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa kama bendeji, chini yake amepaka mafuta ya nazi. Gambuti anazo, zimening'inia kwenye mkanju. "Zimetoboka, mwanangu. Ikiingia haitoki." Ndivyo ilivyo: brayini, yaani yale maji mazito ya chumvi, huvuta maji kutoka kwenye ngozi, kidonda hakipati kufunga, na gambuti iliyotoboka ni mbaya kuliko mguu mtupu kwa sababu huulowesha mguu kwenye brayini saa nane mfululizo. Gambuti nzima nazo zinataka kusuuzwa kila jioni kwa maji matamu, yaani maji ya kununua. Macho yana habari yake. Mng'ao wa chumvi nyeupe pamoja na upepo huchangia kile kinyama kinachoota pembeni ya jicho na kutambaa kuelekea kwenye mboni. Kofia ya ukindu yenye ukingo mpana husaidia zaidi ya kapelo, kwa sababu mwanga mwingine unatoka chini, na kapelo haizuii hata wa pembeni.

Gesti 800, maji ya kuoga ndoo moja. Sabuni ilikataa kutoa povu, ikawa utando wa kijivu. Hicho nacho ni kipimo cha haraka kwa asiye na mashine: sabuni isipotoka povu, kisima kina chumvi au chokaa nyingi.

Chakula cha usiku, sima na papa mkavu wa kupaka, 180.

Siku ya 3. Visima vya Marereni

Siku nzima kwa mguu na bodaboda (600 kutwa, mafuta juu ya dereva).

Namna ya kupima, kwa sababu wengi hukosea. Asubuhi sawazisha kipimo kwa maji ya pakiti yenye thamani ya maikrosimensi 1,413, kivulini. Pakiti iliyokaa juani hudanganya. Pima kisima mara mbili: juu, kisha chini kwa chupa yenye jiwe. Maji ya munyu ni mazito, hukaa chini, na maji ya mvua hukaa juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Ukichota ya juu peke yake utasema kisima ni kizima. Pima alfajiri kabla watu hawajachota, na tena jioni. Andika kama ni bamvua au maji mafu (bahari inapojaa kidogo tu). Kupata miligramu za chumvi kwa lita, zidisha usomaji kwa takriban 0.6. Chini ya 600 ni maji mazuri ya kunywa. Yakivuka 1,000 wengi huanza kuyakataa kwa ladha. Suuza kipimo kila mara kwa maji ya mvua. Siku hii kifuniko cha betri hakikukazwa vizuri, brayini ikaingia, na vituo vya shaba vikawa vya kijani kabla ya adhuhuri. Vilikwaruzwa kwa wembe na kupanguswa kwa limau. Nusu siku ilipotea hapo.

Kwenye kisima cha nne, mwenye nyumba alileta kikombe kabla ya salamu kumalizika. Mmoja wetu alikunywa na uso ukamsaliti. Mama akacheka. "Sisi twayanywa tu. Mgeni ndiye huyasikia."

Hapo ndipo hatari ilipo. Ulimi huacha kulalamika baada ya miezi michache, hesabu haiachi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Maji yenye gramu moja kwa lita, kibarua akinywa lita tano kwa jua hili, amemaliza kiwango kabla hajagusa samaki. Kibarua angalau hutoa jasho. Mjamzito aliye nyumbani hatoi kiasi hicho. Kwenye pwani ya Bangladesh, wilaya ya Dacope, watafiti waliofuatilia wajawazito walikuta kwamba kadiri maji ya kunywa yalivyokuwa na munyu ndivyo presha na kifafa cha mimba vilivyozidi. Kwa hiyo swali la kwanza katika nyumba yenye kisima cha munyu ni kama kuna mjamzito au mzee mwenye presha, na mtungi wa maji ya mvua, hata ukiwa mmoja, wanywe hao.

Kuchemsha hakutoi chumvi. Hili lilirudiwa nyumba saba kati ya tisa, kwa sababu kila aliyeambiwa "chemsheni maji" na afisa wa afya alidhani limeisha. Maji yanapungua kwa mvuke, chumvi inabaki palepale. Klorini nayo haiiondoi. Kinachosaidia kisimani ni kuchota polepole, asubuhi na jioni, ndoo ielee juu isizamishwe, na pampu ya petroli isisogee kabisa. Karibu na bahari, maji matamu yakiwa mita moja juu ya usawa wa bahari, chini yake yana kina cha takriban mita 40 kabla ya munyu. Ukishusha ile mita moja, munyu hupanda 40. Ndiyo maana kisima kikichimbwa zaidi "kufuata maji" huharibika moja kwa moja. Kilichokwisha kuzidishwa kina hujazwa tena changarawe chini.

Zile chupa za kinyesi: unajaza hadi alama, unaacha mahali pa joto, zikigeuka nyeusi ndani ya siku moja au mbili maji si salama. Kisima kilicho jirani na mikoko kinachonuka yai viza kitaigeuza nyeusi hata kama hakuna choo karibu, kwa sababu chupa husoma ile gesi ya tope. Na maji yenye klorini yatatoa jibu zuri la uongo.

Jirani wa yule mama wa kikombe alionyesha ukuta wa bwawa la chumvi ulioziba njia ya maji ya mvua. Masika maji hukaa nyuma ya ukuta huo, mlango wa nyumba ukiwa chini yake. Kuna mbu wa malaria, Anopheles merus, ambaye hutaga kwenye maji ya munyu bila taabu, kwa hiyo yule anayesema madimbwi ya chumvi hayana mbu hajalala hapa.

Mtungi wa lita 20 siku hiyo ulikuwa 20 penye bomba, na 50 bomba likikauka, ukiletwa kwa mkokoteni. Hamsini kwa mtungi ni 2,500 kwa lita 1,000. Hakuna mwenye bomba ndani ya nyumba Malindi anayelipa bei hiyo.

Siku ya 4. Basi hadi Mokowe

Kupanda basi njiani Marereni ni kubahatisha. Mengi hupita yamejaa. La tatu lilisimama, 1,000 kila mmoja, kiti cha nyuma juu ya injini. Beba kitambulisho mfukoni, si ndani ya begi lililo juu ya basi, maana utashuka nacho vizuizini mara kadhaa. Minjila kulikuwa na kungoja msafara wa polisi kwa saa mbili na dakika kumi. Mama aliyekaa mbele alifungua kapu akagawa muhogo wa kuchemsha na embe kwa kiti kizima, akakataa pesa kwa kugeuza uso dirishani. Lami kutoka Minjila hadi Mokowe ni nzuri. Hakuna zaidi la kusema juu yake.

Boti ya abiria Mokowe hadi Amu 150. Vaa jaketi hata kama nahodha hajakwambia.

Siku ya 5. Amu

Chumba 1,500 kwenye nyumba ya mawe, na ndani ya birika la choo samaki wawili wadogo. Wapo kazini: hula viluwiluwi vya mbu. Ukitia dawa ya klorini birikani utawaua, tia kwenye ndoo yako.

Mji huu uliingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na visima vyake vingi vimo ndani ya nyumba, hatua chache kutoka chooni. Kanuni ya kawaida hutaka mita 30 kati ya kisima na choo. Huku mita 30 ni nyumba nne. Na hata zingekuwepo, jiwe la matumbawe lina nyufa. Maji hupita kama kwenye bomba, hayachujwi kama kwenye mchanga. Chupa tatu kati ya nne zilikuwa nyeusi kabla ya jua kuchwa.

Maji matamu ya Amu yanatoka kwenye mchanga wa Shela. Vile vilima havishiki mvua juu, vinaimeza, na mvua hukaa chini ikielea juu ya maji ya bahari kwa ile hesabu ya moja kwa 40. Kila jengo juu ya mchanga huo linazuia mvua isiingie na linaweka shimo la choo juu ya maji ya kunywa ya mji. Anayejenga kule huwa anao uwezo wa kununua maji ya chupa.

Mkate wa mofa na samaki wa kuchoma 250. Chai ya tangawizi barazani haikulipiwa. Mzee alisema mgeni wa maji ni mgeni wake.

Siku ya 6. Manda Maweni

Mashua iliondoka gatini saa moja asubuhi na abiria sita na mitungi 34. Kila mtungi ulikuwa na alama ya mwenyewe: utepe mwekundu, herufi ya rangi, tundu lililozibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa. Nauli ya mtu 100, ya mtungi 20. Ukijumlisha bei ya kujazia na ya kupandishia kutoka ufukweni, mtungi ulifika mlangoni kwa 60. Bahari ikichafuka haufiki.

Manda haina maji matamu ya kuaminika chini yake. Takwa, mji uliokuwa na msikiti na ukuta upande wa pili wa kisiwa, ulihamwa karne ya 17, na sababu inayotajwa sana ni visima kugeuka munyu. Maweni ni makao ya wachonga mawe. Nyumba nyingi za Amu na Shela zimetoka kwenye mashimo haya, tofali kwa tofali. Wengi wao walikuja kutoka bara kutafuta kibarua, na wamezeeka hapa.

Vifaa ni mtaimbo, tindo, nyundo na jembe. Tabaka laini huchongwa pale pale kuwa tofali, linapangwa ufukweni, linangoja mashua. Vumbi la jiwe hili ni chokaa zaidi, halina silika nyingi kama ya granaiti, kwa hiyo ule ugonjwa wa mapafu kuwa jiwe si tishio kubwa sana hapa. Ila kikohozi kisichoisha kipo, na kitambaa cha kujifunga puani huzuia punje kubwa tu. Zile ndogo ndizo hufika chini ya mapafu. Ushauri wa kawaida wa machimboni ni kulowesha jiwe kabla ya kupiga. Mchonga mawe mmoja aliusikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kisha akaonyesha mtungi wake wa siku: lita 20, watu watano.

Basi tumieni maji ya bahari? Yanazuia vumbi vizuri. Lakini tofali lililolowa chumvi huitoa baadaye ukutani, unga mweupe, na lipu hubanduka. Mafundi wa Amu wanalijua hilo na wakionja wanalirudisha. Nusu ya suluhisho ni kulowesha kwa maji ya bahari njia za kupitia na kifusi, mahali vumbi linapotimuliwa na miguu, jiwe la kuuza lisiguswe. Na kuchonga ukiupa upepo mgongo wa pembeni, si mgongo kamili, maana ukiupa mgongo kamili vumbi hujizungusha na kurudi usoni.

Mabaya kuliko vumbi ni chokaa mbichi, ile iliyotoka tanuuni kabla ya kuzimwa. Ikiingia jichoni inaunguza kwa kuchanganyika na machozi. Tiba ni kutoa punje kwa ncha ya kitambaa safi, kisha kumwagia jicho maji yanayotiririka dakika zisizopungua 20, na kwenda hospitali huku likiendelea kuoshwa. Kwa mkondo mwembamba wa lita moja kwa dakika, hizo ni lita 20. Ndio ule mtungi wote. Watu huosha dakika mbili wakaacha, na si ujinga. Mtungi mmoja uliofungwa na kuandikwa JICHO, usiotumika kwa kingine na kubadilishwa kila wiki, ungegharimu shimo zima la mawe shilingi 60 kwa wiki. Wachonga mawe wa shimo la kwanza walikubaliana kuchanga kabla mashua haijarudi.

Pale penye sakafu ya saruji kuna wazo la jabia, lile tangi la chini linalopokea mvua kutoka kwenye sakafu pana, kama yanavyotumika Pate na visiwa vya juu. Hesabu yake haina siri: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Sakafu ya mita 20 kwa 20, mvua ya milimita 900 kwa mwaka, toa moja ya tano inayopotea, ni lita 288,000. Ukiwapa watu lita 20 kila siku ya mwaka, inatosha watu 39. Kwa hiyo jabia moja haitoshi kijiji, na mfadhili anayepigwa picha mbele ya jabia moja aulizwe la pili liko wapi. Linaloharibu majabia ni mambo matatu: ufa usiozibwa kabla ya masika, mbuzi kupita sakafuni, na ufagio kusahauliwa. Mvua ya kwanza lazima imwagwe.

Kabla ya kurudi, mzee mmoja aliwasha moto akapika chai. Maziwa ya unga, sukari, vikombe vinne. Alipima maji kwa kikombe chenyewe, akapangusa tone lililobaki kwenye mdomo wa mtungi kwa kidole na kukilamba.

Siku ya 7. Kililana, Hindi, Kwasasi

Boti 150, bodaboda kwa nusu siku 1,200, vizuizi viwili.

Bandari ya Lamu ilizinduliwa Machi 2012 na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Kati ya tarehe hizo, wavuvi na wakazi walikwenda mahakamani, na tarehe 30 Aprili 2018 Mahakama Kuu ikaamua kwamba haki yao ya mazingira safi, ya utamaduni wao na ya kushirikishwa ilivunjwa, ikaagiza wavuvi takriban 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Mvuvi wa dau dogo hawezi kuhama kwenda bahari kuu kusi ikivuma. Tope la kuchimba mkondo likifunika nyasi za bahari, samaki huondoka, na kwenye sahani ya mtoto hubaki wali na mchuzi. Hilo halionekani hospitalini kama ugonjwa wa bandari. Huandikwa upungufu wa damu.

Kwasasi hakuna cha kuona, na huko ndiko kuzuri kwake. Ni vichaka na shamba ambako ingejengwa mitambo ya makaa ya mawe ya megawati 1,050. Leseni ilitolewa 2016. Juni 26, 2019 Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira likaifuta, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mikutano ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, kwa hiyo watu waliulizwa maoni juu ya kitu ambacho hawakuwa wameonyeshwa. Anayekwenda kwenye mkutano wa namna hiyo aulize kwanza: ripoti iko wapi, ina kurasa ngapi, muhtasari wa Kiswahili uko wapi. Na asisaini karatasi ya mahudhurio kabla ya kujibiwa, kwani sahihi hiyo baadaye huhesabiwa kama kushirikishwa.

Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, hawakuulizwa lolote. Walipojua, madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri ilikuwa tayari kwenye damu za watoto. Mahakama iliwapa shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, ikapinduliwa kwenye rufaa, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Risasi iliyoingia kwenye ubongo wa mtoto haina rufaa.

Chakula Hindi: maharagwe na chapati mbili, 100.

Siku ya 8. Kurudi

Basi la saa moja asubuhi, msafara, Malindi saa tisa mchana. Jumla kwa mtu mmoja, pamoja na malazi, ilikuwa chini kidogo ya 14,000. Chupa za kupimia na pakiti hazimo.

Siku nne baadaye simu ililia kutoka Marereni. Yule mama wa kikombe alikuwa ameacha kuzamisha ndoo, na binti yake mwenye mimba ya miezi sita sasa anakunywa ya mkokoteni. Aliuliza habari ya mvua. Nyumba yake ni ya makuti, na makuti hutoa maji ya rangi ya chai. Alisema ana nafasi ya kibanda cha mabati sita pembeni. Mabati sita ya mita tatu hufunika kama mita 14 za mraba. Mvua moja nzuri ya milimita 20, ukiondoa inayopotea, ni lita 224, mitungi 11.

Akanyamaza, akihesabu. Kisha akauliza bati moja ni bei gani Malindi, na kama mfereji wa maji huuzwa kwa mita au mzima.